Mwaka Niliocheza Mtu wa Tatu

Athman alipofariki, simu ya kwanza kunifikia ilitoka kwa Kadzo, mwenzangu wa tangu usichana, naye hakuzunguka. "Saumu, Athman wa Rukia ametutoka. Amezikwa leo, huko Kilifi." Nilikuwa jikoni nikichuja tui. Nilimjibu yale yanayojibiwa siku kama hiyo, nikaweka simu juu ya friji, nikamaliza kuchuja, nikapika, tukala, na mume wangu akausifu mchuzi. Neno lililonikaa rohoni halikuwa lile la kufa. Lilikuwa lile la "Athman wa Rukia." Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wamemwita hivyo, na kila nikisikia huwa kama nimemwona mtu amevaa viatu vyangu na anapita navyo mbele yangu. Basi msomaji na ajue tangu hapa kwamba mimi ni mwanamke mwenye wivu. Sijisifu wala sijitetei. Habari za wazazi wangu na namna nilivyolelewa sitazieleza. Wanaoandika hayo ni wengi, na wote walilelewa kwa tabu. Mume wangu ni mtu mwema, anauza simenti na mabati, na haya hayamhusu. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa msichana wa kuposwa hapa Malindi, katika chama cha wanawake cha Bi Zuhura, tukicheza mchezo wa mapenzi na nyimbo.

Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa mtaani Shela, yenye ukumbi mrefu, ua wa mawe nyuma, na dirisha moja pana la nondo za mbao lililoelekea barazani. Chama chake kilialikwa kwenye sherehe za wanawake za alasiri, siku bibi arusi anapotolewa kuonyeshwa. Kabla ya mwaka ule tulikuwa tukiimba tu, wimbo baada ya wimbo, watu wakila na kusengenyana. Kilichomtia Bi Zuhura wazo la mchezo ni sinema. Mji ulikuwa na jumba la sinema wakati huo, na kulikuwa na siku yake ya wanawake peke yao, na Bi Zuhura hakuikosa hata akiwa na homa. Wenzake walikuwa wakilia mpaka leso zinaloa. Yeye alikaa na tasbihi mkononi, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani anamtaja Mungu kwa hofu ya dhambi ya kuwa pale. Kumbe alikuwa akihesabu nyimbo, akiangalia kila mmoja umewekwa wapi. Tukirudi, tukiwa ukumbini kwake tunakunywa chai ya tangawizi, alituambia, "Hizi filamu zote ni nyumba moja, wao wabadilisha mapazia tu. Kuna kukutana, kuna kuahidiana, yuwaingia mtu wa tatu, waachana, kisha warudiana. Mkikosa kimoja katika hivyo, watu watawadai wakati wao." Rukia, ambaye tangu hapo alikuwa na tabia ya kuuliza maswali mazuri kwa sauti ndogo, akasema, "Lakini Bibi, kama wajua mwisho tangu mwanzo, waja kutazama nini?" Bi Zuhura akafuta kikombe chake kwa ncha ya leso. "Waja kutazama yatakavyochelewa," alisema. Nilichukia kwamba swali lile hakuliuliza mtu mwengine, yaani mimi.

Siku hizi mjukuu wangu ananiwekea tamthilia kwenye televisheni, zile za vijana wanaopendana huku wakiimba, na nikizitazama naona nyumba ya Bi Zuhura. Nikimwambia, "Sasa hivi ataingia binamu," binamu anaingia. Nikimwambia, "Huyu hawezi kuimba hapa, bado ana la kusema," basi haimbi. Mtoto ananiangalia kwa mashaka. "Bibi, hii umeshaiona." Sijaiona. Ila nilifundishwa kwamba wimbo haupewi mtu ambaye angeweza kusema tu yakaisha. Bi Zuhura alikuwa mkali kwa hilo. Mtu akiweza kusema, "Nakupenda, nioe," aseme, na mchezo uendelee. Wimbo hungoja mpaka maneno yamemkwama mtu, na kwa hivyo wanaoimba sana katika mchezo ni wale wasioweza kusema. Kwa kweli mwaka ule niliimba sana, mchezoni na nyumbani, nikiosha vyombo.

Siku ya kugawa sehemu tulikaa uani kwa sababu ukumbini kulikuwa na joto. Kulikuwa na sinia la viazi karai na ukwaju katikati, na Bi Zuhura hakuturuhusu kugusa mpaka amalize. Kadzo, aliyetoka Magarini na kupanga chumba kwa Bi Zuhura huku akijifunza ushoni, alipewa kuwa kijana, mfanyabiashara wa Mambrui, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mlango. "Mino suruali sivai," alisema Kadzo. Akakubaliwa kanzu na koti, na masharubu ya masizi. Rukia akapewa kuwa mpenzi. Hakuna aliyeshangaa. Rukia alikuwa na uso ambao mtu akiwa nyuma kabisa ya ukumbi anaona furaha inapoingia na inapotoka. Halafu Bi Zuhura akaninyooshea kidole. Mimi nilikuwa binamu aliyechaguliwa na mama wa kijana, mwenye haki ya ndoa kwa desturi, ambaye mwishowe anamwachia kijana aende zake. "Kwa nini mimi?" nikauliza, na nilijua nimeuliza kwa ubaya. "Kwa sababu wewe ndiwe mwenye sauti," alisema. "Wapenzi wana nyimbo nne. Mtu wa tatu ana mmoja tu. Ule mmoja sharti uume." Furaha ya sifa ile ilinidumu mpaka nilipomaliza kiazi cha kwanza. Kisha nikaanza kuhesabu: Rukia nyimbo nne, mimi mmoja.

Sehemu ile aliifundisha kwa makini kuliko zote, na leo naelewa kwa nini. Mtu wa tatu hatakiwi kuwa mbaya. Akiwa mbaya, watu wanamchukia, wapenzi wanashinda, na hakuna kilichopotea. Lazima awe na haki yake, tena haki kubwa, ili kuachana kuume kweli na kurudiana kuwe na bei. Anaingia baada ya ahadi, si kabla. Na akisha kuimba wimbo wake hutoka, na hatakiwi kuonekana tena, kwa sababu watu wakimwona hawatafurahia arusi. Nilimuuliza, "Na mwisho yeye huenda wapi?" "Nani?" "Binamu." Bi Zuhura akacheka mpaka akashika ubavu. "Yuwaenda kwao kupika!" Wenzangu wote wakacheka, Rukia naye akacheka, akanishika bega huku akicheka, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu alikuwa ameshika gilasi ya maji. Sijasahau baridi ile.

Sasa nimlete Athman. Wapigaji wetu walikuwa wanaume wawili, mzee mmoja wa ngoma na yeye, aliyepiga kinanda cha kuvuta tulichokiita akodiani. Alitoka Takaungu, akaja Malindi kutengeneza redio katika kiduka karibu na soko. Kwa heshima ya nyumba, wapigaji walikaa barazani na sisi ukumbini, na baina yetu dirisha lenye pazia. Hakutuona. Alitusikia tu, na akatujua kwa sauti zetu na majina tuliyoitana. Mara nyingine alisema kutoka upande wa pili, "Saumu, teremka kidogo, usipande mapema," na mimi niliteremka. Lakini jambo ninalotaka kueleza halikuwa la maneno. Mwimbaji akifika mwisho wa mstari huvuta pumzi, na wapigaji wengi hawamngoji, wanapita na yeye anawakimbilia. Athman alingoja. Aliishika sauti moja, akaikalia, mpaka amesikia pumzi yangu imeingia, ndipo akaachia mkono tuondoke pamoja. Alikuwa akinisikia nikipumua kupitia pazia. Nilianza kuchelewesha pumzi kwa makusudi ili kumpima, na alizidi kungoja. Hakuna mwanamume aliyeningoja namna ile, kabla wala baada yake, na mume wangu, Mungu amweke, hutembea mbele yangu hata tukienda hospitali.

Basi mapenzi yangu yote yalikuwa hayo: pazia, akodiani na pumzi. Wivu wangu nao ulikuwa na chakula chake. Baada ya mazoezi lilipelekwa sinia dirishani kwa wapigaji, mahamri au bajia na chai, na msichana aliyelipeleka alinyanyua pazia kidogo akalipitisha kwenye uwazi chini ya nondo. Bi Zuhura hakupanga zamu. Aliyesimama kwanza ndiye aliyepeleka. Rukia alikuwa akisimama kwanza. Hakuwa na hila, alikuwa tu na miguu myepesi na malezi mazuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye hila unaweza kumshtaki. Mimi nilibaki nimekaa, nimekaza shingo, nikisikia upande wa pili sauti ya Athman ikisema, "Ahsante, dada," na nikijiuliza neno "dada" amelisema vipi, kwa ubaridi au kwa utamu, na kama amejua mkono ule ni wa nani. Usiku wa siku kama hizo sikuweza kula. Mama alidhani nina minyoo.

Harusi tuliyoalikwa kwenda kucheza mchezo kwa mara ya kwanza ilikuwa huko huko Takaungu, kwao Athman. Kilifi bado ilikuwa haina daraja, na ilibidi tungoje feri juani pamoja na malori ya ng'ombe. Tulichelewa. Tulipoanza, alasiri ilikuwa imeshakwenda. Nyumba ilijaa wanawake wa Takaungu, wa Mnarani, wa Kilifi, waliovaa na kujitia udi, bibi arusi amekaa juu ya kiti kama hayupo, na wapigaji wetu barazani nyuma ya pazia tuliloliangika sisi wenyewe. Mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Kadzo aliingia na masharubu yake, wanawake wakapiga vigelegele na mmoja akamwomba amwoe. Kukutana, kuahidiana, nyimbo mbili za Rukia zikapita vizuri. Nikaingia mimi na haki yangu. Wakaachana, wimbo wa tatu. Halafu ukaja wangu, nikasimama karibu na pazia, karibu kuliko nilivyoelekezwa, nikaimba:

Mlango nimekwachia, pita usirudi nyuma,
Sina la kukuzuia, wala sina la kusema,
Ila moja nakwambia, moyo wangu una homa,
Mwenye haki nimelia, asiye haki achuma.

Hapa ndipo Bi Zuhura alipokosea, yeye aliyejua kila kitu. Mchezo wake aliupima kwa sinema, na kwenye sinema hakuna anayeinuka kwenda kutunza kitambaa cheupe cha picha. Kwetu, ubeti ukimgusa mwanamke, huinuka, akaja akicheza mpaka kwa mwimbaji, akamtunza, noti, leso, kikuba cha asmini, alichonacho. Anapofanya hivyo anawaambia wote waliokaa kwamba maneno haya ni yangu, na ninayemwambia anajijua. Na maadamu kuna mtu anakuja kutunza, ubeti hauachwi. Unarudiwa mpaka wenye nao wamemalizika. Aliinuka kwanza mama mmoja mwenye gauni la kijani, akaja huku amemkazia macho mke mwenzake. Mke mwenzake naye akainuka, kwani yeye pia alijiona mwenye haki. Kisha akaja binti aliyeachwa kwa sababu ya mtoto wa ami yake, na bibi mzee ambaye, nilivyoambiwa baadaye, mwanamume aliyemlilia alishakufa tangu zamani. Kila mmoja alikuwa mtu wa tatu. Bi Zuhura alikuwa amejenga mchezo mzima kwa ajili ya wapenzi wawili, na hakufikiri kwamba ukumbini wapenzi wawili ni wachache. Nilirudia mstari wa mwisho mpaka koo likawasha, na kila nilipofika mwisho wake Athman alishika sauti, akaikalia, akaningoja. Leso walinitupia mabegani nikawa siwezi kuinua mikono. Kadzo na Rukia walisimama pembeni, mmoja huku mwengine kule, wakingoja warudiane, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilimwona Rukia akiniangalia mimi badala ya mimi kumwangalia yeye. Sitasema uongo, ilikuwa siku bora ya ujana wangu. Katikati ya ubeti ikasikika adhana ya Magharibi. Akodiani ikanyamaza pale pale.

Muziki ukisimama kwa adhana haurudi kwa mzaha. Watu wakainuka kwenda kuswali, pazia likashushwa na kukunjwa kwa sababu lori la kuturudisha lilikuwa linangoja, Kadzo akavua koti, akaketi kwenye sinia la biriani na masharubu yake yakaisha kwa samli. Mimi nilivutwa chumba cha ndani na wale wanawake walionitunza. Walinilisha kwa mikono yao, wakinieleza habari za waume zao kana kwamba mimi ndimi niliyewaoza. Ndipo nikasikia ugomvi ukumbini. Nyanya ya bibi arusi alikuwa akimsimamia Bi Zuhura. "Mwaja kwenye harusi ya mtoto wangu, mwawaacha watu wameachana, na mwataka kupanda lori? Hamtoki! Sharti warudiane ndani ya nyumba hii, niwasikie kwa masikio yangu. Nuksi yenu mwende nayo, msiniachie mimi." Bi Zuhura akamwambia kijana ameshanawa. Bibi akasema hilo halimhusu. Nilicheka chumbani, mdomo umejaa wali. Nilimsikia Bi Zuhura akisema, "Rukia, simama hapo mlangoni, imba ule wa kurudiana, ubeti mmoja, tuondoke kwa wema." Rukia akauliza, "Nimwimbie nani, Bibi?" Ikajibu sauti ya yule nyanya: "Si yule pale barazani amevaa kanzu? Mwimbie yule! Sisi watu wazima tupo, hakuna ubaya."

Sikuona. Nilisikia. Lazima niseme hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nimeliona tukio lile wazi kabisa kichwani, Rukia mlangoni na buibui lake, Athman kwenye kibao chake na akodiani magotini, bila pazia, taa ya karabai juu yao, na yote hayo nimeyatunga mwenyewe. Nilichokisikia ni sauti ya Rukia, nyembamba, inatetemeka, na pumzi inamkatika kabla mstari haujafika nusu. Na nilisikia akodiani ikishika sauti moja, ikaikalia, ikamngoja. Ikangoja sana. Ikangoja kuliko ilivyowahi kuningoja mimi, kwa sababu mimi nina pumzi ndefu na yeye hana. Niliacha kula. Mama mwenye gauni la kijani akaniuliza kama wali una mchanga. Kitu nilichodhani ni changu peke yangu, siri ya pazia, kumbe alikuwa nacho kwa yeyote anayeimba, au kumbe alikuwa nacho kwa ajili ya yule. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na nimeshalala na kuamka na yote mawili. Ninachojua ni kwamba kama wanawake wasingeinuka kunitunza, mchezo ungeisha kabla ya adhana, Kadzo angekuwa na masharubu, pazia lingekuwa juu. Ushindi wangu ndio uliomweka Athman mahali pa kijana.

Tulirudi Malindi, na mchezo tuliucheza tena kwenye harusi nyengine, Bi Zuhura akiwa ameuhamisha wimbo wangu mapema ili watu watunze na wamalize. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kutulia nilipokuwa siku moja uani kwake nikichagua mchele, na yeye jikoni na jirani yake wakikaanga samaki. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. "Yule fundi redio amenijia," alisema Bi Zuhura. "Yuwataka nimpelekee posa." Jirani akauliza, "Kwa nani?" Mafuta yalikuwa yakilia kwenye kikaango, na Bi Zuhura akangoja amgeuze samaki kwanza. Katika muda ule mdogo nilikuwa mke wa Athman. Nilishaolewa, nilishahamia, nilishapanga vyombo. "Kwa Rukia," alisema. "Nikamwambia nitamsemea. Yule mtoto mzuri, hana makuu." Jirani akasema, "Nami nalidhani ni yule mwenye sauti." Bi Zuhura akasema, "Hata mimi." Nilimaliza kuchagua mchele. Nikaupeta, nikauosha, nikaupeleka jikoni, na Bi Zuhura akaniangalia usoni, akaona kwamba nimesikia, akanipa kipande cha samaki cha katikati, kile anachopewa mgeni. Nilikila chote. Nilimchukia kwa huruma ile kuliko nilivyomchukia Rukia.

Niliimba kwenye harusi yao. Kukataa kungekuwa kujitangaza. Wimbo wa binamu Bi Zuhura aliupiga marufuku siku ile, akanipa ule wa kurudiana, na akodiani alipiga mtu mwengine kutoka Mombasa, hodari wa vidole, aliyenipita kila mwisho wa mstari nikamkimbilia kama kuku. Walihamia Kilifi, akafungua duka la redio, kisha la televisheni, kisha la simu. Tuliamkiana katika misiba na harusi, mimi na Rukia, kwa mabusu matatu ya mashavuni na "wapotea mno, dada." Athman nilimwona kwa mbali, upande wa wanaume, akizidi kuwa na mvi. Hatukuwahi kukaa chini tukazungumza. Kwa sheria za mchezo mimi nilikuwa nimeshaimba na nimeshatoka, na nilikwenda kwetu kupika, kama nilivyoambiwa. Mjukuu wangu akinitazama ninavyokereka tamthilia zinapofika mwisho, anadhani sipendi mapenzi. Nayapenda sana. Ninachotaka ni kamera igeuke kidogo, imfuate yule anayetoka.

Nilikwenda Kilifi kumpa Rukia makiwa, mimi na Kadzo, msongamano wa watu ulipokwisha pungua. Alikuwa chumbani kwake, amekaa eda, juu ya godoro lililowekwa chini, na nguo zake zisizo na rangi. Chumba hakikuwa na harufu yoyote. Yeye ambaye siku zote alinukia asmini kabla hajaingia mlangoni, sasa hakuwa na udi, hana mafuta, hana kikuba, na nyumba nzima ilitembea polepole kwa ajili yake. Nilimwonea wivu hata eda. Ndiyo, niliona wivu juu ya nguo ile na godoro lile. Dini ilikuwa imempa muda wake wa kukaa na kumlilia, watu wanamletea uji na wanashusha sauti wakipita, na mimi siku ile ya simu nilichuja tui. Tulikunywa chai na mkate wa kumimina. Kadzo alichekesha kwa habari za masharubu, Rukia akacheka akafuta macho, kisha Kadzo akatoka kwenda kuwasaidia wanawake jikoni, tukabaki wawili.

"Saumu," alisema, kwa ile sauti yake ndogo. "Nina neno n'takalo kukuuliza, na usinikasirikie."

"Uliza, dada."

"Athman alikuwa hachoki na maneno ya Malindi. Bi Zuhura na tasbihi yake. Kadzo. Mzee wa ngoma alivyokuwa akilala katikati ya wimbo. Hata paka wa Bi Zuhura alikuwa akinitajia kwa rangi. Wewe hakukutaja. Hata siku moja, miaka yote hiyo."

"Huenda alinisahau," nikamwambia.

"Mtu husahau wote. Hasahau mmoja peke yake." Alikuwa akikunja ncha ya mtandio wake, akiikunjua, akiikunja tena. "Na mimi nikikutaja, alikuwa akiinuka akaenda kufungua redio, hata kama nzima. Akaitoa matumbo yote mezani. Basi nikaacha kukutaja. Kila nikikwona kwenye harusi za watu, na sauti yako ile, nalikuwa sili." Akaninyanyulia macho. "Yeye hayupo, na mimi ni mtu mzima, sitakwenda popote. Nambie. Kulikuwa na neno baina yenu?"

Miaka yote ile nilikuwa nimemweka Rukia ndani ya nyumba yenye furaha, nikaifunga, na kuizunguka nje nikichungulia. Sikuwahi kumwona ndani yake akiwa hali chakula kwa ajili yangu. Na jibu nililokuwa nalo lilikuwa jepesi, tena la kweli, na kwa mjane aliyekaa eda lilikuwa jibu la rehema. Nikampa. "Wallahi, Rukia, hapakuwa na neno. Hata salamu nje ya lile dirisha hatukupeana."

"Waapa, na mume wangu yuko kaburini?"

"Naapa."

Aliniangalia usoni, kwa yale macho yake yanayosomeka kutoka nyuma ya ukumbi, na niliona wazi kwamba hakuniamini. "Haya," alisema, akageukia ukutani. Ningeweza kuapa mara ya pili, nikamshika mkono, nikamweleza habari ya pumzi ilivyokuwa ndogo, akacheka, akalala usingizi wake. Niliinuka nikatafuta viatu vyangu mlangoni. Nilikuwa nimesema kweli tupu, hakuniamini, na nilitoka nyumbani kwake nina furaha.